Kamera kwenye baridi kali: betri mwilini, waya wa pawabenki au koti la kamera?

Kameramani wa Mwanza akilalamikia baridi, watu humcheka. Mji uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa linatunza joto usiku kucha, na hata Julai sweta jepesi linakutosha. Lakini kazi za baridi zipo, tena zinalipa kuliko harusi nyingi. Zinakuja kwa njia mbili. Ya kwanza ni viwanda vya samaki: mteja anataka video ya kuwaonyesha wanunuzi wa nje jinsi minofu ya sangara inavyogandishwa na kutunzwa, na sehemu ya kazi hiyo iko ndani ya vyumba vya nyuzijoto −18 kushuka chini. Ya pili ni Kilimanjaro: wafanyakazi wa ofisi fulani, au kwaya, au marafiki waliomaliza chuo pamoja wanapanda mlima na wanataka mtu wa kuwarekodi mpaka Uhuru, mita 5,895, usiku ambao kipimajoto kinaweza kusoma −10, −15 au chini zaidi kutegemea msimu.

Hapo ndipo maswali huanza. Nibebe betri nyingi? Nitumie pawabenki kwa waya? Au nitafute lile koti la kamera wanalovaa wenzetu wa nchi za theluji? Uliza watu watatu utapata majibu matatu, na kila mmoja atakuwa anasema kweli kuhusu kazi aliyoifanya yeye. Hapa nimeziweka njia zote tatu kwenye mizani moja, uchague kwa kazi iliyo mbele yako.

Baridi inapiga wapi

Mwili wa kamera ni mgumu kuliko kijitabu chake kinavyokiri. Kamera za Sony na Canon ambazo wengi wetu tunazo zimeandikiwa kufanya kazi kati ya nyuzijoto 0 na 40. Baadhi ya Panasonic, Fujifilm na OM System zimeandikiwa mpaka −10. Chini ya hapo mtengenezaji hakuahidi kitu, basi, lakini kamera nyingi huendelea kurekodi. Sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ndiyo kwanza inafurahi: chenga za gizani, vile vidoadoa vya picha, hupungua, na ile kero ya kamera kujizima kwa joto ukirekodi 4K juani inakwisha yenyewe.

Kinacholegea ni betri. Ndani ya betri ya lithiamu chaji husafiri kupitia kimiminika, na kimiminika hicho kikipoa kinakuwa kizito. Umeme upo, ila hautoki kwa kasi ambayo kamera inaitaka. Volti zinashuka ghafla, kamera inadhani betri imekwisha, inajizima. Kwenye −20 tegemea karibu nusu ya muda uliouzoea, na betri iliyochakaa itakupa pungufu ya hapo. Ukiipasha mfukoni, asilimia kadhaa "zinarudi", kwa sababu hazikuwa zimekwenda popote.

Upepo nao unasingiziwa. Hauwezi kuifanya kamera iwe baridi kuliko hewa yenyewe. Unachofanya ni kuipora joto haraka. Kama hewa ni −10, kamera itaishia −10, iwe kwenye feni za chumba cha baridi au kwenye ukingo wa Kibo. Tofauti ni dakika ngapi inachukua kufika huko.

Pigo la pili ni unyevu, na hili kwetu watu wa ziwani ni kubwa kuliko kwa mtu wa Dodoma. Hewa yetu ya nyuzijoto 27 yenye unyevu wa asilimia 60 huacha maji juu ya kitu chochote kilicho chini ya nyuzijoto 18 au 19. Ndiyo maana chupa ya soda ikitoka kwenye friji inatoka jasho, na kamera iliyotoka kwenye chumba cha −20 ni chupa ya soda yenye saketi za umeme ndani yake.

Kwa hiyo shida ya mlimani na shida ya kiwandani hazifanani. Mlimani unakaa kwenye baridi kwa saa nyingi, hewa ni kavu, na unashuka pole pole siku nzima, kamera ikipata joto kidogo kidogo. Kiwandani unakaa dakika chache, kisha mlango mmoja unakutoa −20 na kukutupa kwenye hewa ya ziwa. Mlimani unapigana na saa. Kiwandani unapigana na mlango.

Vipimo vinne

Kila njia nitaipima kwa mambo haya:

*Muda*: utarekodi kiasi gani kabla kitu hakijakata.
*Mikono na mwendo*: unaweza kutembea, kutumia gimbali (kile kishikio chenye mota kinachotuliza kamera), kubonyeza vitufe ukiwa na glavu?
*Kuingia kwenye joto*: ukitoka kwenye baridi, njia hiyo inasaidia au inaongeza hatari ya maji?
*Ruhusa na mfuko*: msimamizi wa kiwanda, shirika la ndege na pochi yako watasemaje.

Uzito sijaupa kipimo chake. Kiwandani hauna maana, na mlimani kila mtu ataugundua mwenyewe akishapita mita 4,000.

Njia ya kwanza: betri za akiba mwilini

Kamera inaachwa ipoe itakavyo. Zinazotunzwa joto ni betri tu, ndani kabisa, mfuko wa shati au mkoba mdogo wa shingoni chini ya sweta. Mfuko wa nje wa jaketi hauhesabiki. Huo ni sawa na nje. Betri iliyo kwenye kamera ikilegea, unaitoa, unaweka ya moto, na ile ya baridi inaingia upande wa pili wa mwili ikapate joto upya.

*Muda.* Betri kama NP-FZ100 ya Sony ina saa-wati (Wh, kipimo cha umeme uliomo) 16.4. Kwa usiku wa kilele, ambao kupanda peke yake huchukua saa sita mpaka nane na unarekodi vipande vipande, betri nne mpaka sita zinazozungushwa kwa nidhamu zinamtosha mtu anayejua anachotafuta. Nidhamu ndiyo yenyewe: kulia zenye chaji, kushoto zilizotumika, na kipande cha utepe wa rangi kwa ile inayoanza kuchoka. Saa tisa usiku, ukiwa na usingizi na hewa haba, kumbukumbu haitakusaidia. Udhaifu wake ni kwamba kila ukibadilisha betri kurekodi kunakatika, na kikundi kinachofika Gilman's Point, kwenye ukingo wa kreta, kikilia na kukumbatiana hakitakungoja.

*Mikono na mwendo.* Kamera iko huru, haina waya wala vazi. Gimbali inabaki na mizani ileile uliyoipima nyumbani. Tatizo linakuja dakika ya kubadilisha: kijilango cha betri hakifunguki kwa glavu nene. Dawa yake ni glavu nyembamba za ndani ambazo huzivui kabisa, na zile nene juu yake. Angalia pia sahani ya stendi iliyofungwa chini ya kamera. Nyingi zinaziba kijilango cha betri, na kufungua skrubu kwenye baridi ile ni adhabu.

*Kuingia kwenye joto.* Hapa njia hii ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa kamera imepoa mpaka ndani. Bila mfuko wa zipu nitakaouelezea chini, usijaribu. Kwa upande mwingine, kiwandani ina faida ambayo wengi hawaioni: kamera inaweza kubaki kulekule ndani kazi nzima, wewe ukitoka kujipasha na kurudi na betri ya moto.

*Ruhusa na mfuko.* Hakuna anayeikataa. Kwenye ndege betri za akiba zinakwenda nawe ndani, kamwe si kwenye mzigo wa kupakiwa. Funika ncha zake kwa vifuniko vya plastiki, maana funguo au sarafu mfukoni zinaweza kuunganisha ncha na kuwasha moto kweli. Gharama ni ya betri zenyewe, na ushauri wangu ni kununua chache halisi kuliko nyingi za bei poa. Betri isiyo na jina inaweza kukuendesha vizuri kwenye send-off ya Igoma, kisha baridi ikaifichua.

Njia ya pili: umeme kwa waya

Pawabenki au betri kubwa ya V-mount, ile ya kamera kubwa za video, inakaa ndani ya jaketi lako, waya unatoka mkononi au kiunoni, unaingia kwenye kamera. Joto la mwili linatunza chanzo cha umeme chote kwa pamoja, badala ya wewe kuhangaika na betri moja moja.

*Muda.* Hapa ndipo inaposhinda. Pawabenki ya mAh 20,000 ina saa-wati 74. Ukitoa kinachopotea katika kubadilisha volti, hesabu betri tatu hadi nne za kamera bila kukata kurekodi hata mara moja. V-mount ya saa-wati 99 inakwenda mbali zaidi. Ila kuna masharti. Pawabenki nayo ni lithiamu. Ukiitundika nje ya begi umehamisha tatizo tu. Kamera iwe inakubali kuendeshwa kwa USB-C huku inarekodi, si kuchajiwa tu ikiwa imezimwa, na baadhi zinadai pawabenki yenye mfumo wa PD (Power Delivery), unaotoa umeme mwingi kupitia USB-C. Isiyokubali itahitaji betri bandia, ile yenye umbo la betri na waya mkiani. Lijue hili ukiwa nyumbani. Kamera zinazotaka betri ya kawaida ibaki ndani hata ukichomeka waya zisikukere. Waya ukichomoka, betri hiyo inapokea kazi.

Jambo moja nitalisema kwa ukali: usichaji betri iliyo chini ya nyuzijoto 0. Lithiamu inaganda kama chuma ndani yake badala ya kuingia inapotakiwa, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kamera na chaja nzuri hukataa zenyewe. Za mtaani hazikatai, zinakuachia wewe uamuzi. Kambini, kabla ya kuchaji kwa sola au pawabenki, lala na betri kwanza au zikae kwapani mpaka zipate joto.

*Mikono na mwendo.* Vidole vinabaki ndani ya glavu, na hilo si dogo. Lakini umefungwa na kamera yako kama mmoja: ukimpa mwenzako aishike, mnachomoa. Gimbali inavutwa na waya. Waya wa plastiki ya kawaida unakakamaa kwenye baridi na unaweza kupasuka ganda. Wa silikoni unabaki laini, na tofauti ya bei ni ndogo. Funga waya kwenye mwili wa kamera kwa kibano ili mvuto usiishie kwenye tundu la USB, kwa sababu tundu likivunjika kwenye kambi ya Barafu huna fundi. Kwa kamera iliyosimama kwenye stendi njia hii ni tamu, mradi pawabenki ikae kwenye mkoba wenye kinga ya joto na si kuning'inia kwenye mguu wa stendi.

*Kuingia kwenye joto.* Kifuniko cha mpira cha tundu kiko wazi muda wote waya ulipo, kwa hiyo kinga ya maji ya kamera imevunjwa pale pale. Chomoa na ufunge ukiwa bado ndani ya baridi, kisha ndiyo ufikirie kutoka.

*Ruhusa na mfuko.* Kiwandani kuna toroli zinapita, sakafu ina maji na kuna watu wana haraka. Msimamizi akikwambia "Kaka, huo waya upitishe ndani ya koti au ubaki nje," ana haki. Kwenye ndege, chini ya saa-wati 100 unabeba ndani bila kuuliza. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Zaidi ya hapo sahau. Pawabenki nyingi zinaandika mAh kwa herufi kubwa na saa-wati kwa herufi za sisimizi, kwa hiyo zitafute kabla mtu wa usalama hajazitafuta. Kwa pesa, hii ndiyo njia rahisi kwa mtu ambaye kamera yake tayari inakubali USB-C, kwani pawabenki nzuri pengine anayo.

Njia ya tatu: koti la kamera na pakiti za joto

Kamera inavalishwa vazi lenye manyoya au sponji, lenye dirisha la plastiki nyuma na mikono ya kuingizia viganja. Ndani yake unaweza kuweka pakiti za joto, zile za unga wa chuma zinazopata moto zikikutana na hewa.

*Muda.* Koti halitengenezi joto. Linazuia lile la kamera lisikimbie, na kamera inayorekodi 4K inatoa joto la kutosha kujisaidia. Kwa anayerekodi mfululizo, koti peke yake linanyoosha betri vizuri. Kwa anayewasha na kuzima, faida inapungua kwa kuwa kamera iliyozimwa haina cha kutunza. Pakiti zinaongeza, lakini zinategemea oksijeni. Kileleni kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na pakiti iliyokuunguza mkono pale Marangu itakuwa vuguvugu tu ukifika juu. Zifungue mapema, zipate moto mwilini, kisha zihamishie kwenye koti. Ziweke upande wa betri, na kitambaa kati yake na kamera. Usiziweke karibu na lenzi wala sensa, maana utazirudisha zile chenga ulizokuwa umeziepuka.

*Mikono na mwendo.* Viganja viko ndani ya koti pamoja na vitufe, na kwa mtu ambaye vidole vyake vinakufa ganzi haraka hii ni nafuu kubwa kuliko zote. Kwa gimbali ni balaa. Mizani inaharibika, kitambaa kinagusa mota. Na pumzi yako ikipata dirisha la plastiki inaweka ukungu, kisha ukungu unaganda. Pumua pembeni.

*Kuingia kwenye joto.* Hapa ndipo koti linapodanganya. Mwili wa kamera unatoka vuguvugu, unaugusa unasema salama, wakati kioo cha mbele cha lenzi kilichokuwa wazi kimeganda na kinakusanya maji. Halafu vazi lilelile lililozuia baridi kuingia sasa linazuia joto kuingia, kwa hiyo kungoja kunakuwa kurefu zaidi. Livue koti ndani ya baridi, kisha kamera iingie kwenye mfuko.

*Ruhusa na mfuko.* Kiwanda cha chakula kinaogopa kitu cha kigeni kuliko kinavyoogopa mwizi. Manyoya yanayonyonyoka, uzi unaoning'inia, pakiti ya unga wa chuma inayoweza kupasuka juu ya minofu: vyote vinakutana na "Hiyo haiingii" mlangoni, na ubishi utakuchelewesha bure. Mlimani hakuna wa kukuzuia. Makoti ya dukani yanaagizwa kutoka nje na si rahisi, ila fundi cherehani yeyote mzuri anaweza kukushonea kutoka kwenye jaketi la mtumba la Mlango Mmoja, ukimpelekea kamera aipime. Pakiti ni za kutumia mara moja. Usizitegemee Mwanza, zitafute Moshi kwenye maduka yanayokodisha vifaa vya kupandia mlima.

Mfuko wa zipu, njia yoyote utakayochagua

Ningeweza kuandika makala nzima juu ya mfuko huu, kwa kuwa betri iliyolegea inakupotezea tukio moja, wakati maji ndani ya lenzi yanakupotezea lenzi.

Ukiwa bado ndani ya baridi, zima kamera, toa memori kadi uifunge kwenye kijifuko chake, kisha ingiza kamera kwenye mfuko mzito wa plastiki wenye zipu. Kamua hewa. Funga. Sasa ndiyo utoke. Maji yatajikusanya nje ya plastiki badala ya juu ya kamera. Subiri mpaka mfuko uwe mkavu na kamera iwe na joto la chumba: saa moja kwa kamera ndogo, mbili au zaidi kwa yenye lenzi nzito. Kufungua kidogo kuchungulia kunaharibu kila kitu, kwa sababu hewa ya ziwa inaingia mara hiyo hiyo. Mteja akitaka kuona picha, kadi unayo tayari. Ikaushe na kuipa dakika zake.

Herbert Ponting, Mwingereza aliyekuwa akirekodi picha Antaktika mwaka 1911, aliliona tatizo hili mapema. Kamera zake aliziacha kwenye baridi badala ya kuingia nazo kwenye kibanda chenye joto, kwa sababu kila zilipoingia zililowa. Na huyo hakuwa na betri ya kuhofia, kamera ilizungushwa kwa mkono.

Kiwandani fuata hekima hiyohiyo kwa kupanga ratiba. Anza na mapokezi ya samaki, nenda kwenye kukata minofu, kisha ufungashaji, na chumba cha baridi kiwe cha mwisho kabisa. Ukikipanga katikati utangoja saa mbili kamera ikauke wakati wafanyakazi wanakwenda kula. Kama lazima uingie na kutoka mara kadhaa, kamera ibaki ndani, wewe ndiye utoke. Na usiku wa kabla ya kazi ilaze kamera na lenzi kwenye boksi lenye silika jeli, vile vijipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa yenye unyevu uliyoingia nayo ndani ya lenzi inaweza kuganda nyuma ya kioo mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Ukiona maji tayari: zima, toa betri, usibadilishe lenzi, iweke mbele ya feni au kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ambako hewa ni kavu zaidi. Mchele uache jikoni. Vumbi lake nalo ni tatizo.

Mlimani mfuko unahitajika kwenye hema zaidi kuliko njiani. Pumzi za watu wawili zinaganda juu ya turubai na kudondoka asubuhi kama theluji. Betri zilale nawe ndani ya begi la kulalia; kamera ifungwe kwenye mfuko wake na ikae na baridi yake.

Simu, kamera ndogo na vikorokoro

iPhone imeandikiwa nyuzijoto 0 mpaka 35 na inajizima kwa ghafla kuliko kamera, ila kwa kuwa inaishi mfukoni inatoka na joto lake. Itumie kwa vipande vifupi. GoPro ni ndogo, inapoa upesi sana, na betri yake ya Enduro ilitengenezwa kwa kufikiria baridi. Mlimani usiende na ya aina ya zamani. Maikrofoni na taa zinazotumia betri ndogo za AA ziwekee za lithiamu zisizochajiwa, kama Energizer Ultimate Lithium iliyoandikiwa mpaka −40. Kichwa cha stendi chenye mafuta ya kulainisha kitakuwa kizito, na hakuna ujanja. Diski za kuzunguka zisitumike kuhifadhia kazi kambini: nyingi zimeandikiwa kufanya kazi mpaka mita 3,000 hivi, na kambi ya Horombo peke yake iko 3,720. Beba SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani.

Kazi yako ni ipi?

*Kiwanda, kamera mkononi, vyumba kadhaa kwa siku moja.* Betri mwilini. Ndiyo inayopita mlangoni bila maswali, na inaruhusu kamera ibaki kwenye baridi huku wewe ukitoka.

*Kiwanda, kamera moja imesimama, mahojiano marefu au mkanda wa uzalishaji unaorekodiwa mfululizo.* Waya, kwa makubaliano na msimamizi kuhusu mahali utakapopita. Nenda siku moja kabla umwonyeshe vifaa vyako vyote.

*Kilele, uko peke yako na unapanda na wateja.* Betri mwilini kama vidole vyako vinastahimili. Kama ganzi inakuwahi, waya ndani ya jaketi utakuokoa, lakini gimbali iache chini.

*Kilele, una msaidizi, na mnataka macheo ya Mawenzi kwa stendi.* Waya pamoja na koti. Hapa koti linastahili bei yake, kwa kuwa kamera inarekodi mfululizo na haitikisiki. Kama kazi ni ya biashara, kibali cha kurekodi ndani ya hifadhi kishughulikiwe kabla ya kununua hata betri moja.

*Kikundi kinaishia Horombo au Shira.* Betri mbili za akiba na mfuko wa zipu. Pesa iliyobaki itumie kwa koti la mvua la kamera, maana chini huko msitu unalowesha kuliko baridi inavyogandisha.

*Kamera ya zamani isiyokubali USB, bajeti ndogo.* Betri mwilini, na jaketi la mtumba kwa fundi. Betri bandia uifikirie tu ukishakuwa na kazi za baridi zaidi ya moja kwa mwaka.

*Bado huamui.* Friza ya nyumbani iliyowekwa vizuri inafika −18, sawa na chumba cha kutunzia minofu. Funga kamera kwenye mfuko wa zipu, iweke ndani ikiwa inarekodi saa ya ukutani au ya simu ya zamani, na uangalie ilizimika dakika ya ngapi. Rudia na betri nyingine, kisha na pawabenki iliyo nje huku waya umepita kwenye mpira wa mlango. Halafu toa kamera bila kuufungua mfuko, uiache mezani, na uhesabu inachukua muda gani hadi plastiki ikauke. Muda huo uandike kwenye ratiba utakayompelekea mteja.